Keki ya Mavuno na Pesa za Oveni

Swali lililonisumbua mwaka mzima ni hili: fungu la kumi hutolewa kabla ya kununua unga, au baada ya kununua unga?

Mimi huoka keki. Huoka katika chumba cha kupanga pembeni mwa mji wa Kitui, juu ya jiko la makaa, ndani ya sufuria kubwa niliyotandaza mchanga, na makaa mengine nayaweka juu ya kifuniko. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa video za simu, nikizirudia mpaka bando linakwisha, kisha namalizia somo kwa kubahatisha. Keki zangu za kwanza zilibonyea katikati kama godoro la zamani. Siku hizi zinakaa sawa, ila wateja wapya wakipiga simu bado huniomba niwape mama anayeoka.

Nina pima maji, ile ya mafundi wa ujenzi. Huiweka juu ya keki kabla ya kupaka krimu, na kiputo kisipokaa katikati, nakata tena. Kuna keki moja niliyoinyoosha mpaka ikabaki nyembamba kama chapati. Mwenyewe alipokuja kuichukua aliitazama, akauliza ile keki yenyewe iko wapi.

Mtu mwenye kichwa kama hicho ukimpa fungu la kumi, umempa kazi ya maisha. Nikitoa kabla ya unga, naona nimetoa hadi pesa za mwenye duka. Nikitoa baada ya unga, naona nimemweka Mungu mwisho wa foleni, nyuma ya mayai na makaa. Jumatano moja baada ya maombi nilimfuata pasta hadi kwenye pikipiki yake.

"Pasta, samahani. Ni kabla ya unga au baada ya unga?"

"Nini?"

Nikamweleza yote, mpaka nauli ya boda ya kupeleka keki na yai lililovunjika njiani. Alivaa helmeti nikiwa bado naeleza.

"Kijana wangu," alisema, "toa katika faida yako, kisha uende ulale."

Nilitoa katika faida. Halafu sikulala. Mwezi uliofuata nikatoa kabla ya unga, kama mtu anayevaa mishipi miwili suruali isije ikaanguka.

Hesabu ya fungu la kumi, hata hivyo, ilikuwa ndogo ukiilinganisha na ugonjwa wangu wa pili. Nilikuwa siwezi kusema hapana kanisani. Mchango wa mazishi, mchango wa harusi ya mwanakwaya, karo ya mtoto wa mzee wa kanisa, spika mpya, petroli ya jenereta: nikitajwa jina tu, mdomo wangu ulikuwa umeshajibu amina. Ndugu na dada waliniona mkarimu. Ukweli ni kwamba niliogopa nyuso zao. Mwaka ulianza nikiwa na nia ya kununua oveni ya gesi, na kila Jumapili oveni hiyo ilipoteza kitu; leo mlango, kesho miguu.

Oveni yenyewe nilikuwa nimeshaiona. Ilikuwa katika hoteli ndogo karibu na soko, ya mama mmoja Mwislamu ambaye familia yake ilihamia Kitui kutoka Garisa kwa biashara ya mbuzi. Alikuwa ameacha kuoka mikate, akabaki na chai, pilau na sambusa, na oveni ikawa inamzibia njia ya kwenda jikoni. Nilikuwa naenda pale kunywa chai na kuitazama.

"Wewe hunywi chai," aliniambia siku moja. "Wewe unachumbia oveni yangu."

"Mama, niwekee mpaka mwisho wa msimu wa mavuno."

"Nikuwekee kwa nini? Kuna mtu wa Kibwezi anaitaka. Yeye ana pesa, wewe una macho."

Nikamweleza hali yangu. Sijui kwa nini nilimwambia yeye mambo ambayo sikuwa nimewaambia watu wa kanisa letu. Nilimwambia kwamba nikiweka pesa najiona nimemnyima Mungu, na nikimpa Mungu najiona nimejinyima kazi. Alikuwa anapanga sambusa kwenye sinia na hakusimama.

"Kwetu pesa zikifika kiwango na kukaa mwaka mzima, unazitolea zaka," alisema. "Sasa kama kuweka ni dhambi, hiyo zaka ingetoka wapi?" Kisha akanigeukia. "Jumatatu baada ya sherehe yenu ya mavuno. Asubuhi. Pesa zote. Usipokuja, nampigia yule wa Kibwezi."

Basi nikazifunga pesa kwenye akiba ya simu, ile ambayo ukishaifunga haifunguki mpaka siku uliyochagua. Nilichagua Ijumaa, siku tatu kabla ya hiyo Jumatatu, maana nilijua mtandao ukitaka kukuaibisha hukuaibisha siku ya mwisho. Kila mteja akilipa, naongeza. Nilikula githeri ya mahindi na mbaazi mpaka nikaanza kuzitambua mbaazi moja moja.

Ndipo pasta akahubiri juu ya yule tajiri aliyevunja maghala yake ili ajenge makubwa zaidi, na usiku uleule roho yake ikatakwa. Watu walicheka na kuitikia kwa raha. Huku kwetu hakuna wa kumtisha kwa habari hiyo. Ikumbi ya nyanya yangu, ile ghala ya fito iliyosimama nyuma ya nyumba, ilijaa mahindi mara chache sana hivi kwamba hakuna aliyewahi kufikiria kuivunja. Lakini mimi niliketi nikiwa nimeifunika simu kwa kiganja, kana kwamba pasta angeuona mfuko wangu umevimba.

Jioni nilimpigia mama. Yeye anaishi upande wa Kibwezi, ana shamba la nyanya na mapapai karibu na mto, na maji ya mfereji huyapata kwa zamu.

"Mwaitu, nina swali."

"Uliza haraka, saa hii ni zamu yangu ya maji."

"Kuweka pesa ni kukosa imani?"

Nilisikia jembe likigonga udongo. "Mbegu za kupanda msimu ujao huwa nazila?"

"Hapana."

"Na kanisa huwa siendi?"

"Huwa unaenda."

"Sasa unaniuliza nini? Kwaheri, mfereji umejaa."

Nilitulia kwa muda wa saa moja hivi. Kisha simu ikalia, na safari hii alikuwa mweka hazina wa kanisa, mama mmoja mchangamfu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Sadaka za mavuno ya mwaka huo zilikuwa za kuezeka kanisa upya, na vijana wenye kazi walikuwa wamepangiwa kila mmoja bei ya mabati matano.

"Nimekuandika matano, ama nikuongeze?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema: mama, mwaka huu siwezi, nanunua oveni. Maneno machache tu. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema, "Mama, mimi nitaleta keki. Ya mnada."

"Keki?"

"Kubwa. Ya ngazi tatu."

"Asi! Basi leta, tuone."

Nilikata simu nikiwa nimejipongeza. Nimetoa, na akiba haijaguswa. Kisha nikaanza kujichunguza. Je, nimempa Mungu keki ili nisimpe mabati? Hilo liliponiuma sana, niliamua kwamba kama ni keki, basi iwe keki isiyo na kasoro hata moja. Na hapa ndipo nilipokosea.

Kila anayeoka keki Ukambani anajua kwamba krimu hutengenezwa kwa yale mafuta magumu ya kupikia. Siagi halisi ni tamu zaidi, lakini ni ya nchi za baridi. Hapa jua likiichungulia tu, inaondoka. Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kumpa mteja krimu ya siagi. Lakini nilijiambia: wateja umewapa mafuta, na Mungu pia umpe mafuta? Kwa Mungu hupeleki cha pili. Nikanunua siagi halisi kwa pesa za githeri. Nikaipaka usiku kukiwa na ubaridi, nikanyoosha kila ngazi kwa pima maji, nikachora masuke ya mtama pembeni kwa rangi ya kahawia. Nitasema ukweli, maana hakuna faida ya kuficha: ilikuwa nzuri kupita zote nilizowahi kutengeneza, na nilimshukuru Mungu kwa kuniumba.

Jumapili ibada ilipokwisha tulitoka nje kwa mnada. Asiyewahi kuuona mnada wa mavuno wa kanisa la huku kwetu nimweleze kidogo. Sadaka zisizo pesa, yaani kuku, mayai, mbaazi, maboga, mbuzi, hupangwa katikati ya uwanja. Watu hukaa kwenye vivuli pembeni, lakini mali hukaa juani, ili kila mtu aione. Na mnunuzi akishalipa, heshima ni kutochukua. Anasema "narudisha," na kitu kinauzwa tena. Jogoo mmoja aliye na bahati anaweza kununuliwa na uwanja mzima kisha akarudi nyumbani na mtu wa mwisho, akiwa amechangia kuliko wazee wote.

Hilo nililijua tangu nikiwa mtoto. Sijui kwa nini sikulifikiria nilipokuwa napaka siagi.

Dalali wetu ni mzee wa kanisa ambaye siku nyingine ana bucha. Aliinua keki yangu juu ya kichwa chake akaizungusha uwanja mzima.

"Hii si keki, hii ni ghorofa! Nani anataka kuhamia?"

Mwalimu wa kwaya akasema elfu mbili, akalipa, akasema narudisha. Makofi. Akina mama wa ushirika wakachanga wakafikisha elfu tatu, wakarudisha. Vigelegele. Mgeni mmoja kutoka Tulia, aliyekuja kumtembelea dada yake tu, akaona aibu, akatoa elfu mbili naye akarudisha. Kila mara keki ilizungushwa tena uwanjani. Lilikuwa lile jua letu la mchana linalofanya mabati yalie yenyewe.

Niliiona ngazi ya juu ikianza kuteleza. Kidogo tu, labda upana wa kidole, lakini mimi ni mtu wa pima maji. Mtama wangu wa kahawia ukaanza kushuka pembeni kama wino kwenye karatasi iliyolowa.

"Ndugu zangu, keki inalia!" dalali akapaza sauti. "Inalilia mabati! Mtaiacha ilie?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikuwa nimesimama. Sikukumbuka nimesimama saa ngapi. Nilichotaka ni kitu kimoja tu, ile keki iingie ndani ya kanisa, kwenye sakafu ya saruji yenye ubaridi. Na kulikuwa na njia moja tu ya kuiondoa juani. Mfukoni nilikuwa na simu, na ndani ya simu, tangu Ijumaa, zilikuwemo pesa zote za oveni.

"Elfu tano!" nilisema.

Dalali akageuka polepole.

"Elfu tano? Nani huyo? Ni mwokaji mwenyewe? Jamani, kijana ameleta keki, na bado anainunua! Mnaona imani?"

Sikuwa na imani yoyote wakati ule. Nilikuwa na siagi. Lakini watu walisimama, vigelegele vikapaa, mweka hazina akaja akicheza na simu yake mkononi, na kabla sijajua vidole vyangu vimefanya nini, ujumbe wa malipo ulikuwa umeshaingia. Nikanyoosha mikono nipokee keki.

Dalali akairudisha nyuma kidogo, akitabasamu. "Unachukua, ama unarudisha?"

"Rudisha! Rudisha!" uwanja wote ukaitika.

Niliwatazama. Kwaya yote ilikuwa inanipungia mkono. Pasta alikuwa amevua miwani aifute, akitabasamu kwa fahari.

"Narudisha," nilisema.

Keki ikarudi juani, mikononi mwa mwenye bucha, na ngazi ya juu ikakaa mabegani mwa ngazi ya pili kama mlevi aliyebebwa.

Hapo ndipo nyanya mmoja, aliyekuwa amekaa juu ya mkeka akimenya njugu, akainua mkono. "Mia mbili."

"Nyanya, mia mbili! Nani ataongeza?" Hakuna aliyeongeza, keki haikuwa tena ya kutamanika. "Imeenda mia mbili! Nyanya, unarudisha?"

"Nirudishe nini? Nimelipa, naila."

"Nyanya, ni ya mabati!"

"Mabati siwezi kutafuna. Leta hapa."

Watu wakaangua kicheko, na dalali akampelekea. Akaikata kwa kisu chake cha njugu, akawagawia wajukuu zake, akalamba krimu iliyokuwa kwenye kidole gumba. "Hii siagi ni ya kweli," alisema, bila kumwambia mtu yeyote hasa. Nilimtazama muda mrefu. Alikuwa amekataa mbele ya kanisa zima, na hakuna aliyemkasirikia. Hakuna hata aliyemkumbuka. Walikuwa wameshahamia kwa jogoo.

Jioni ile ndugu wengi walinishika mkono. "Utaona vile Mungu atakurudishia," waliniambia. Nilirudi nyumbani nikaiweka simu mezani, nikaitazama kama inayokaribia kulia. Nilitegemea oda ya harusi. Ujumbe ulioingia ulikuwa wa kampuni ya simu kunikumbusha kwamba bando langu limekwisha.

Jumatatu asubuhi nilifika hotelini kabla hawajapanga viti. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, lakini mama mwenye hoteli aliponiangalia tu, nikamwaga yote: siagi, jua, dalali, elfu tano. Alianza kucheka mapema sana, nilipofika kwenye siagi. Nilipofika kwenye "narudisha" alikuwa amekaa chini na kujifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Umenunua keki yako mwenyewe," alisema.

"Ndiyo."

"Halafu hukuila."

"Sikuila."

"Walahi, hii nitamsimulia mume wangu." Akashusha pumzi, na uso wake ukarudi kuwa wa biashara. "Sasa. Nakupenda kama mtoto wangu, lakini bei ni bei."

"Najua, mama."

"Umepungukiwa elfu tano. Oveni nilikuwa nakupa na mtungi wake wa gesi. Mtungi utabaki. Mimi bado napika pilau."

"Nitaokaje bila gesi?"

"Hiyo muulize dalali wenu."

Nililipa. Kijana wa mkokoteni aliifunga oveni kwa kamba, na tukapita nayo sokoni mimi nikiwa nyuma nimeushika mlango usifunguke. Watu waliniita wakinipongeza, nami nikawa nawapungia kama bwana harusi. Tulipofika chumbani niliiweka mahali ambapo kitanda kilikuwa, kisha nikachukua pima maji nikaiweka juu yake. Ilikuwa imeinama kidogo upande wa kushoto. Nikaitegeshea kipande cha kadibodi, nikakaa chini mbele yake, nikafurahi sana. Wiki zilizofuata nilioka keki juu ya jiko la makaa huku oveni ikiwa pembeni, nami nikihifadhi unga na viatu ndani yake. Nikaanza kuweka pesa za mtungi.

Mwezi mpya ulipoanza, mweka hazina alipita kwangu. Alikuwa anazungukia vijana kwa ajili ya misumari na mbao. Mabati yalikuwa yamepatikana, na yalihitaji kitu cha kushikilia. Aliikagua oveni, akaufungua mlango, akaviona viatu, akaufunga bila kuuliza.

"Nikuandike ngapi?"

Fungu la kumi nilikuwa nimetoa, baada ya unga, na safari hii sikuwa nimelirudia. Pesa nyingine zilikuwepo, kwenye simu, na hazikuwa zimefungwa. Nilishika ukingo wa meza.

"Mama," nilisema, "mwezi huu hapana. Naweka za mtungi wa gesi."

Nilisubiri. Sijui nilisubiri nini.

"Haya," alisema, akaruka jina langu akaandika la mtu mwingine. Kisha akanitazama vizuri. "Mbona unatetemeka hivyo? Hujala?"

"Nimekula."

"Basi nipe maji ya kunywa, jua ni kali. Na kama kuna keki iliyoharibika, nipe kipande, hata ikiwa imeinama."

Ilikuwepo. Nilimkatia, akala akiwa amesimama mlangoni, na njugu alizokuwa nazo mfukoni akaniachia mezani.